Kuingia Uhandisi, na Kubaki

Ninyi vijana mliomaliza kidato cha sita, tangu niingie ukumbini mnachungulia simu kuona kama majina ya waliochaguliwa yametoka.

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze namna ya kupata nafasi kwenye kozi za uhandisi. Nimeitii, ila nimeipanua kidogo. Kupata nafasi ni habari ya wiki chache za udahili. Kubaki ni habari ya miaka minne, na ndiyo inayowashinda wengi bila kelele. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, waandishi wa habari wanazikimbilia shule zilizofanya vizuri na wazazi wanapigiwa simu za pongezi. Mwaka mmoja baadaye, matokeo ya mwaka wa kwanza chuoni yakitoka, hakuna kamera. Kijana aliyedisko, yaani aliyeondolewa masomoni kwa kufeli, anafunga godoro lake jioni, anapanda basi, na akifika nyumbani anasema chuo kimefungwa mapema.

Naitoa hoja yangu sasa hivi, ili mwenye haraka aondoke nayo: ile namna ya kusoma iliyomwingiza kijana kwenye uhandisi mara nyingi ndiyo inayomtoa. Yaliyobaki yote nitakayosema ni ushahidi wake.

Tuanze na kuingia, maana najua ndiko masikio yenu yaliko.

Ushindani huu si wa leo. Zamani za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, nchi zetu tatu ziligawana kazi: sheria ilikuwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Mtanzania aliyetaka kuwa mhandisi bila kuvuka bahari alikwenda Kenya, na nafasi zilikuwa za kuhesabu. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1973, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi, na baadaye kikawa Chuo cha Uhandisi na Teknolojia, ambacho wengi wenu mnakijua kwa jina la CoET. Siku hizi milango imeongezeka: kuna DIT pale mjini Dar es Salaam, kuna MUST kule Mbeya, kuna Arusha Technical, kuna UDOM, na tangu mwaka 2023 Zanzibar ina kampasi ya IIT Madras, ya kwanza ya IIT nje ya India. Milango ni mingi, lakini vijana wanajipanga foleni kwenye miwili au mitatu tu.

Kwa aliyepitia kidato cha sita, tahasusi ni PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Wapo wa PGM na wengineo wanaoingia baadhi ya kozi, lakini Fizikia na Hisabati za Juu ndizo zinazofungua mlango, na Kemia ni lazima kwa anayetaka uhandisi wa kemikali. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo chenye vigezo vya chini vya kila kozi. Alama A huhesabiwa 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Nawasihi wazazi msikisome kigezo cha chini kama ahadi. Kigezo cha chini kinampa mtu haki ya kuomba. Kozi ikiwa na nafasi 60 na wenye B na kuendelea wakawa mia kadhaa, mwenye D mbili ametimiza sharti na bado hatachaguliwa. Hajaonewa.

Hapo ndipo watu wanapokosea kujaza maombi. Kijana mwenye C mbili anajaza umeme hapa, umeme pale, umeme kule, kisha awamu ya kwanza inapita hana kitu, na awamu ya pili anagombania makombo. Jaza kozi moja unayoitamani hata kama ni ya kubahatisha, nyingine inayolingana na alama zako, na nyingine ambayo huna shaka utaipata na hutalia ukipelekwa. Uhandisi wa nguo, uhandisi wa maji, uhandisi wa kilimo na umwagiliaji: vijana wanazipita kama hawazioni, kumbe hesabu za mwaka wa kwanza zinafanana kwa sehemu kubwa na nchi hii ina kiu ya watu hao. Na ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa ile namba ya siri unayotumiwa kwenye simu. Kila mwaka wapo wanaokosa nafasi waliyokwisha kupewa kwa sababu laini ilikuwa ya shangazi na shangazi alikuwa safarini.

Kuna njia ya pili ambayo familia nyingi zinaiona ya waliofeli, nami naipinga dharau hiyo kwa nguvu zote. Kidato cha nne, kisha stashahada ya ufundi DIT, Arusha au Mbeya, kisha shahada. Anayemaliza stashahada na wastani usiopungua 3.0 anaruhusiwa na TCU kuomba. Ni njia ndefu zaidi kwa miaka, lakini anayeipita anafika chuo kikuu akiwa ameshashika mashine ya kuchomelea, ameshasoma mchoro wa jengo, na akianguka njiani ana cheti kinachomlisha. Wa kidato cha sita akianguka mwaka wa kwanza anabaki na cheti cha kidato cha sita tu. Fikirini hesabu hiyo nyumbani.

Haya. Umeingia.

Siku ya kwanza kwenye ukumbi wa mihadhara, tazama kushoto na kulia. Huyu alikuwa wa kwanza shuleni Ilboru. Yule aliongoza Kibaha. Yule binti wa nyuma alikuwa wa kwanza mkoani, kutoka shule ya kata ambayo mwalimu wa Fizikia alikuja wakati wao wako kidato cha tatu. Ukumbi mzima ni wa watu ambao hawajawahi kuwa wa thelathini. Sasa hesabu haina huruma: katika darasa la watu 80 lazima mtu awe wa 40, na lazima mwingine awe wa 80. Jaribio la kwanza linarudi Novemba au Desemba, na kijana aliyezoea tisini anaona kumi na moja. Nimeona wengi wakilikunja karatasi lile na kuliweka mfukoni bila kulisoma. Hapo hajaangushwa na somo bado. Anaanguka wiki mbili zinazofuata, pale anapoanza kujificha.

Kujificha kunaanza kidogo kidogo. Haji kwenye tutoriali, kwa sababu tutoriali ndipo mtu anapoitwa ubaoni. Anaketi nyuma. Akiulizwa kama ameelewa, anatikisa kichwa. Anajifungia chumbani na rundo la pasti pepa, kwa sababu ndizo zilizomwokoa kidato cha sita.

Niseme wazi kwamba siwabezi wanaokesha na pasti pepa. Mtihani wa Baraza la Mitihani, NECTA, una sura yake. Mwanafunzi makini akifanya karatasi za miaka kumi anaijua sura hiyo kama njia ya kwenda kisimani. Tuisheni za likizo zinajengwa juu ya jambo hilo, na walimu wanaozifundisha wana ustadi wao. Kijana wa kidato cha sita ambaye hafanyi hivyo anajichelewesha. Shida ni kwamba chuoni mtungaji wa mtihani ndiye mwalimu wako mwenyewe, anajua ulichokariri, na yuko huru kubadilisha kitu kimoja.

Nitawaonyesha kitu kimoja hicho. Chukua boriti ya mita 6, imelazwa juu ya nguzo mbili, moja kila ncha. Tuache uzito wa boriti yenyewe. Weka mzigo wa kilonewtoni 12, mita 2 kutoka nguzo ya kushoto. Kila nguzo inabeba kiasi gani? Kijana wa PCM analijibu kabla sijaweka chaki chini: kulia 4, kushoto 8. Jumla 12, hesabu imefunga.

Sasa isogeze nguzo ya kulia ndani, iwe mita 4 kutoka ile ya kushoto, na mzigo uupeleke hadi ncha ya kulia kabisa, pale ambapo boriti inaning'inia. Kanuni ni ileile: chukua momenti kuzunguka nguzo ya kushoto. Mzigo wa 12 mara mita 6 ni 72. Gawa kwa 4, nguzo ya kulia inabeba 18. Darasa linaanza kunong'ona, maana mzigo wenyewe ni 12 tu. Halafu nguzo ya kushoto: 12 toa 18, hasi 6.

Nimesahihisha vitabu vingi vya majibu ambamo hasi ile imefutwa kwa kalamu nzito. Mwanafunzi ameipata, akaiogopa, akaandika 6 bila alama, au akarudi nyuma kuvuruga hesabu iliyokuwa sahihi mpaka ikatoa jibu linalomfurahisha. Na hasi ile ndiyo swali zima. Inasema ncha ya kushoto inataka kunyanyuka. Pale pahali hapahitaji nguzo ya kuibeba boriti. Panahitaji kitu cha kuivuta chini, bolti au nondo iliyozama kwenye msingi. Usipokiweka, boriti inapinduka na mzigo unaanguka. Fundi aliyewahi kujenga balkoni analijua jambo hili bila kuandika mlinganyo: nondo zake anazipitisha juu na kuzipeleka ndani sana ya zege la chumba. Mwanafunzi wetu, mwenye A ya Hisabati, ameifuta balkoni ile kwa sababu haikufanana na solusheni aliyoikariri.

Yule aliyefuta alama ya hasi hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumuuliza usiku ule, "Hivi hasi maana yake nini hapa?" Na hapa nawapeleka mbali kidogo, California, halafu tutarudi.

Katikati ya miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alikuwepo kijana mwanahisabati aitwaye Uri Treisman. Aliona wanafunzi Weusi wengi wakianguka somo la kalkulasi, somo ambalo ndilo mlango wa uhandisi na sayansi, ilhali wanafunzi wenye asili ya China wakilipita vizuri. Aliwauliza wahadhiri sababu. Wakampa majibu ambayo hata hapa nyumbani mngeyasikia: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri sekondari, familia zao hazina uwezo wala hazijali elimu. Treisman hakuridhika. Akachukua wanafunzi 20 wa kila kundi, akawafuata wanakosomea, mabwenini na maktabani, kuona wanafanya nini hasa.

Sababu zote zile zikaporomoka. Wanafunzi Weusi walikuwa na ari, na familia nyingi ziliwasukuma kwa kila zilichokuwa nacho. Walihudhuria, walifanya kazi zao, walisoma saa 8 kwa wiki kama walivyoelekezwa. Ila walisoma peke yao. Wenye asili ya China walisoma kama saa 14: sehemu kubwa peke yao, kisha wakakutana jioni, mmoja akakagua kazi ya mwenzake, wakabishana, wakaulizana maswali ya mitihani ya nyuma. Mwanafunzi akikwama, alijua kama ni yeye tu au ni swali lenyewe gumu kwa wote. Yule wa peke yake hakuwa na namna ya kulijua hilo. Kila alipokwama aliamini ni yeye.

Treisman akaanzisha warsha. Hakuzifanya za kuwafundisha upya "dhaifu". Aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani, akawaketisha pamoja, na wanafunzi Weusi waliopitia warsha zile wakafanya vizuri sana katika somo lile lile lililokuwa likiwatoa.

Jambo linalonichekesha kila ninapoisoma habari hii ni kwamba sisi tunacho tayari alichokuwa akikitafuta. Tuna vimbweta. Mgeni anayetembelea Mlimani anaziona zile meza za zege na mabenchi yake chini ya miti, anadhani ni za kupumzikia. Wanafunzi wanakaa pale mpaka giza liingie, wanafanya diskasheni. Somo lenyewe linafundishwa kwa Kiingereza, lakini kwenye kimbweta watu wanabishana kwa Kiswahili, na mara nyingi hapo ndipo momenti na mkondo wa umeme vinapoeleweka kwa mara ya kwanza. Binti wa shule ya kata ambaye darasani hatamki neno kwa kuhofia sarufi, kwenye kimbweta anamkatiza aliyeongoza Kibaha na kumwambia amekosea.

Lakini nimekaa karibu na vimbweta vya kutosha kujua pia namna vinavyoharibika. Vinaharibika anapotokea kipanga mmoja. Kipanga anakuja ameshafanya maswali yote. Anashika kalamu, wengine sita wananakili, saa mbili zinaisha kila mmoja ameridhika. Kesho kipanga anajua zaidi, kwa sababu kueleza ndiko kulikomfundisha, na wale sita wamebeba karatasi nzuri wasiyoweza kuiandika tena. La kwanza, kundi zuri lina sharti: hakuna kuja mikono mitupu. Kila mmoja alete swali alilojaribu na aonyeshe alipokwamia. Asiye na jaribio lake siku hiyo arudi bwenini akajaribu kwanza. Linasikika kama ukali, lakini kundi lenye sharti hili hudumu, na lile lisilo nalo huvunjika kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula.

La pili, changanyeni. Mliotoka kidato cha sita mna hesabu lakini hamjawahi kushika mita ya umeme. Mliotoka stashahada mnaijua karakana, ila mkiona integrali mnatokwa na jasho. Kwa miaka mingi nimewaona watu hawa wakikaa kambi mbili, kila kambi ikiicheka nyingine. Wekeni wawili wa huku na watatu wa kule. Yule wa DIT angemweleza yule wa PCM ile hasi 6 kwa sentensi moja, kwa sababu ameshaona boriti ikiruka.

La tatu linawahusu mabinti, na ninawaomba wavulana mlisikilize ninyi. Kundi linalokutana saa tano usiku mahali penye giza limeshamfukuza binti hata kama hakuna aliyemwambia aondoke. Kundi linalomfanya binti awe mwandishi wa daftari safi limemnyima nafasi ya kukosea ubaoni, na asiyekosea ubaoni atakosea kwenye mtihani. Mlimani iliwahi kuendesha mafunzo ya maandalizi kwa wasichana kabla ya kuanza masomo ya sayansi na uhandisi, wale ambao alama zao zilikuwa chini kidogo ya zilizohitajika. Walioyapita waliingia na kusoma sawa na wenzao. Nitakuwa mtu wa furaha siku mafunzo ya namna hiyo yatakapokuwa ya kawaida kwa wavulana na wasichana, kila chuo.

Sasa nizungumzie GPA, maana kuna uongo mmoja unaosambaa mabwenini: kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea, utarekebisha mbele ya safari. Vyuo vyetu vinahesabu kwa kipimo cha 5. Wastani wa mwisho hukusanya miaka yote. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na chini ya 2.0 huna shahada. Tuseme umemaliza mwaka wa kwanza na 2.3, na kila mwaka una uzito sawa. Ili uhitimu na 3.5 unahitaji wastani wa 3.9 katika miaka mitatu yote iliyobaki, miaka ambayo masomo yanazidi ugumu. Ukitamani kubaki chuoni kufundisha, ambako hudaiwa 3.8, unahitaji 4.3 kwa miaka mitatu mfululizo. Wapo waliowahi kufanya hivyo. Si wengi, na hawakuwa wakizoea.

Kwa kawaida alama 40 kati ya 100 zinapatikana kabla ya mtihani wa mwisho, kwa majaribio, kazi za nyumbani na maabara. Hizo ndizo alama rahisi kuliko zote, na ndizo zinazopotezwa kizembe. Mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani huo wa mwisho, UE, na 14 kati ya 40 anakwenda kupambana. Anayeingia na 30 anakwenda kufanya mtihani. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, isome kama taarifa: somo hili, mada hizi, irudie na watu. Anayeficha sapu moja anajikuta na masomo manne ya kukeri, aliyoyabeba kutoka nyuma, mwaka wa tatu, yamegongana kwenye ratiba na masomo mapya, na hapo hata kipanga hawezi kumsaidia.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa kuwa mnayajua. Bumu, ile posho ya mkopo, hulika mapema, na njaa haisomi kalkulasi. Ila kumbukeni kwamba mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni hata kwa aliyedisko: masomo yamekoma, mkopo umekoma, kilichopokelewa kinabaki kikidaiwa. Wazazi mnaotuma kijana na maneno "ukishafika huko Bodi itakutunza", tumeni na kitu cha wiki za mwanzo.

Mafunzo kwa vitendo, yale ya wiki nane baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu kule Mlimani, nayo yanadharauliwa. Vijana wanatafuta ofisi yenye posho na kiyoyozi. Mimi ningemtuma mwanangu kwa mkandarasi anayemwaga zege alfajiri. Huko ndiko ambako mlinganyo unapata uzito wa kilo, na anayerudi kutoka huko huwa hafuti hasi. Isitoshe, shahada siyo mwisho. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo wa miaka mitatu kwa wahitimu, ulioanza mwaka 2003, kabla mtu hajawa mhandisi mtaalamu. Huko nako atapimwa kwa yale aliyofanya kwa mikono yake chini ya macho ya mwingine.

Je, kila anayeondoka amepotea? Hapana. Wapo walioletwa uhandisi na baba. Wapo waliokuja kwa sababu alama zilitosha na jirani alisema "injinia ana pesa". Dirisha la kuhama kozi hufunguliwa mwanzoni kabisa mwa mwaka, wiki chache tu, na anayejijua anapaswa kulitumia hapo, akiwa bado na jina safi. Nimemwona kijana akihama kutoka umeme kwenda takwimu, akashangilia kama aliyetoka jela. Mzazi wake hakusema naye kwa muhula mzima, na hilo ndilo ninalowakataza wazazi: kumfunga mtoto kwenye kozi kwa kamba ya aibu.

Sasa, walimu wenzangu, mlidhani nitamaliza bila kuwagusa.

Mwaka 1997 Elaine Seymour na Nancy Hewitt walichapisha kitabu kuhusu wanafunzi wa Marekani wanaoacha sayansi na uhandisi, baada ya kuzungumza nao katika vyuo saba. Walikuta kwamba walioondoka na waliobaki hawakutofautiana sana kwa uwezo. Walilalamikia mambo yale yale, na malalamiko makubwa yalikuwa ufundishaji mbaya. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 kuhusu ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati, wakaona kwamba darasani ambako mwalimu anahutubia tu, uwezekano wa mwanafunzi kufeli ni mara 1.5 ya ule wa darasa ambako wanafunzi wanapewa kazi ya kufanya palepale na kujadiliana. Tafiti hizi ni za huko, madarasa yao si yetu, nami sitajifanya kwamba mtu anaweza kufundisha watu 300 kwa kipaza sauti kibovu kwa namna hiyo kila siku. Lakini anaweza kusimama dakika tano, akaweka ile boriti ubaoni, akasema, "Geuka kwa jirani yako, mbishane kama hasi hii ni kosa." Hakuna bajeti inayohitajika kwa dakika tano.

Nimesikia kwa masikio yangu mhadhiri, sitasema wa chuo gani, akijisifu mbele ya wanafunzi wapya kwamba nusu yao hawatafika mwaka wa pili, na akicheka. Huyo anafikiri anaonyesha ubora wa somo lake. Mimi ningemuuliza: fundi wa matofali anayejisifu kwamba nusu ya matofali yake huvunjika kabla ya kukauka, tungemnunulia?

Vyuo vyetu hutangaza kila mwaka wangapi wameomba na wangapi wamechaguliwa, kwa mabango na kwa redio. Naviomba, na ninaiomba TCU ivisimamie, vitangaze pia hesabu nyingine, kozi kwa kozi: kati ya walioanza pamoja, wangapi wamemaliza, wangapi wamedisko, na katika somo gani. Mzazi anayeuza shamba ana haki ya kuiona hesabu hiyo kabla hajauza. Na idara itakayolazimika kuiandika kwa mkono wake kila mwaka itaanza kuuliza kinachotokea kwenye tutoriali zake.